Kombi Tuliyoishusha

Mwanangu Mfaume,

Shangazi yako Fatu ameshakueleza habari za nauli, maji ya kuchemsha na watu wa stendi, na alichosahau utajifunza mwenyewe wiki ya kwanza. Mimi nataka kuandika juu ya Kombi, gari letu. Tangu mama yako afariki hatujaizungumzia, na kesho asubuhi unakwenda Dar es Salaam, kwenye chuo kilichokupa nafasi ya kusomea kuchomelea vyuma. Juzi, ukiwa umenipa mgongo unaosha miguu, uliniambia kwamba ukifika utaomba wakuhamishie kwenye upishi. Nikajibu sawa, nikaingia ndani. Sikuandikii ili kukuzuia. Nataka tu ukiamua, uamue ukiwa na habari nzima, maana mpaka leo sote tumekupa nusu.

Nianze na tunachokijua wawili. Mshono uliochomelea wewe ndio uliotangulia kupasuka.

Matanga yalipokwisha tulikwenda pamoja pale gari lilipoburutwa, uwanjani kwa polisi. Ulichuchumaa mbele, ukapitisha kidole ndani ya ufa wa bomba la chini, kikatoka chekundu. Vumbi la njia ya Kitaya lilikuwa limeingia ndani. Bomba la juu, alilochomelea Fundi Chilumba, lilikuwa limekatika safi, chuma kinang'aa kama kisu kipya. Kwa hiyo la chini lilikuwa limeanza kufunguka tukiwa bado tunatembea, na la juu lilikatika kwa mpigo mmoja baada ya kuachiwa mzigo wote. Ulielewa hayo kabla yangu. Uligeuka ukaniangalia, nami nikasema, "Ni mipango ya Mungu. Twende nyumbani." Ninaiamini mipango ya Mungu, na mama yako aliiamini kuliko mimi. Lakini siku ile niliitumia kukufunga mdomo, na tangu hapo umekuwa mtu wa kuitikia tu.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu ufa ule haukuanzia kwenye mkono wako.

Unakumbuka babu yako aliinunua Kombi ile kwa padri aliyekuwa anarudi kwao, na kwamba hakumruhusu mtu kuiita gari bovu hata siku tulizoisukuma. Unajua pia jinsi mtu anavyopanda mbele katika Kombi: dereva na abiria wake wanakaa juu kabisa ya magurudumu, na hakuna ngazi ya maana. Magoti ya mama yako yalipoanza kuvimba, safari ya kwenda sokoni ikawa kazi. Mimi nilimshika kwapa, wewe ulimsukuma kwa nyuma, majirani wakapata cha kutazama. Wewe wakati huo ulikuwa na picha zako kwenye simu, Kombi za watu wa mbali zilizoinama mbele mpaka zinakaribia kulamba lami, na ulikuwa ukinionyesha kila nilipoketi kula. Nilikuwa nakujibu kwamba barabara zao si zetu. Mama yako ndiye aliyekata shauri. "Ishusheni," alisema. "Nimechoka kupandishwa kama gunia la korosho." Wewe ulitaka urembo, yeye alitaka kupanda gari peke yake mbele ya watu, na mimi nikaona kazi moja inaridhisha wawili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Katika uandishi wangu nimeandika habari nyingi za ajali, na karibu zote zilianza hivyo hivyo.

Fundi Chilumba alitueleza kazi yote pale Mikindani, akichora kwa kijiti mchangani, nyuma ya ule ukuta wa mawe anaoegemezea mabati yake. Kombi haina springi za duara mbele. Ina mabomba mawili yaliyolala, moja juu ya jingine, toka gurudumu hadi gurudumu, na ndani ya kila bomba kuna fungu la vyuma virefu bapa vilivyobanwa katikati. Gari likiingia shimoni vyuma hivyo hujipinda, likitoka hujinyoosha. Ukitaka kulishusha, unavitoa vile vyuma, unakata kila bomba pale katikati vinapobanwa, unakizungusha kidogo tu kile kipande cha katikati, unachomelea. Gari linainama. Baada ya hapo unafunika mishono yote kwa kipande cha chuma kinene, unakichomelea pia, kwa sababu uzito wote wa mbele sasa umekaa juu ya mishono.

Nilikaa kwenye ndoo nikawatazama mkifanya. Alichomelea la juu, kisha akakupa mashine. Sikuwahi kukuona umetulia vile. Ulipomaliza alipiga mshono kwa nyundo, akasikiliza, akasema umefanya kama mtu aliyekwishafanya. Hakuwa anakupamba, yule mzee hana tabia hiyo. Lakini chuma kinene cha kufunika hakikuwapo. Ilikuwa Ijumaa, duka la vyuma la mjini lilishafungwa, na Jumamosi tulikuwa tunatakiwa Kitaya, bondeni kando ya mto, kwa kuwa mtoto wa Mjomba Salumu alikuwa anatolewa jandoni na mama yako ndiye dada mkubwa wa Salumu. Sherehe ile haingoji mtu. Nikasema, "Tukirudi Jumatatu utamalizia."

Hapo ndipo Fundi aliposema maneno ambayo nimeyarudia kichwani kuliko maneno mengine yoyote niliyowahi kunukuu. Mama yako alikuwa ameshapanda mbele peke yake, anapiga makofi kama bibi harusi. Fundi alisimama dirishani akamwambia, "Somoe, gari hili usilipande. Makalio yako yatalikata katikati kabla hujauona mto."

Tulicheka wote. Unajua walivyokuwa. Ukoo wa Chilumba na ukoo wa mama yako ni watani tangu mababu, na tangu nimwoe sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kwa adabu. Fundi akimkuta mama yako anaumwa, anamuuliza atamwachia nani sufuria. Mama yako akamjibu kwamba tukikosa jeki njiani tutamlaza yeye chini ya gari. Fundi hakucheka. Akasema tena, taratibu, "Nasema kweli. Subirini Jumatatu." Na mama yako akasema, "Wewe ukisema kweli ujue una njaa. Mfaume, mpe soda huyu."

Ukampa soda. Akaipokea.

Alikuwa anatuonya kwa lugha pekee aliyokuwa nayo kwa mama yako. Kwa mtu mwingine angesema, mama, kazi haijakwisha, shuka. Kwake yeye hakuwa na maneno ya namna hiyo, wala mama yako hakuwa na masikio ya kuyasikia kutoka kwake. Mimi ndiye niliyesimama katikati, si mtani wa mtu pale, na kazi yangu miaka yote imekuwa kuuliza watu maswali. Palihitajika moja tu: Fundi, unatania au unasema? Sikuuliza, kwa sababu jibu mojawapo lingenikosesha safari.

Jumamosi tulipanga kwenda watu wanne. Ulikuwapo, uliona mwenyewe walivyojaa. Kwanza shangazi Fatu na ndoo yake ya vitumbua, halafu wale wawili wa Naliendele waliokuwa wanatusubiri njiani na kuku, halafu mke wa jirani ambaye mama yake ni wa Kitaya, halafu wengine. Siku ya kumtoa mtoto jandoni hakuna anayemwambia ndugu wa kike ashuke. Mwanamke aliyeachwa barabarani na kanga zake mpya siku hiyo atalisimulia mpaka wajukuu zake waoe. Najua kwa sababu shangazi yako mmoja bado anasimulia alivyoachwa na babu yako. Basi tukapakia. Kila aliyepanda, gari lilishuka kidogo, na kila liliposhuka wakapiga vigelegele.

Kwenye kizuizi askari kijana alitembea kulizunguka, akainama dirishani. "Mzee, gari lako mbona linasujudu?"

"Linamshukuru Mungu kwa kutubeba sisi," shangazi Fatu akamjibu, na askari akacheka akainua kamba.

Ulisema mara ya kwanza pale lami ilipokwisha. "Baba, tairi inagusa." Nilisikia mwenyewe, mpira ukisuguana na bati kila tulipopita tuta. Nikasema tunakwenda polepole. Ulisema mara ya pili tulipoanza kuteremkia bondeni, na safari hii ulisema tusimame watu washuke watembee kile kipande cha mteremko. Shangazi Fatu akakwambia, "Kaa kimya, fundi wa jana." Wakacheka. Mama yako hakucheka. Aligeuza shingo akakutazama, kisha akanitazama mimi. Nikaendelea kuendesha. Kutoka pale mtu anaanza kuona kijani cha mto, na ngoma zilikuwa zinasikika.

Kisha gurudumu la kushoto likajikunja chini ya gari. Sikuwa na usukani tena. Katika Kombi hakuna injini mbele, kuna bati tu halafu miguu ya watu, na mkorosho tulioupiga ulikuwa upande wa mama yako. Mimi nilitoka na mkwaruzo. Shangazi Fatu akavunjika mkono, wengine wakaumia kwa namna unayoijua, wewe ukatokea mlango wa nyuma. Tulimtoa mama yako wewe na mimi. Aliuliza kiatu chake kingine kiko wapi, akauliza tena, nawe ukaenda kukitafuta kwa sababu ni jambo lililoweza kufanyika. Alikata roho kwenye pikapu ya mahindi kabla hatujarudi kwenye lami. Ulikuwa umekishika kiatu. Mtoto wa Salumu alitolewa jandoni jioni ile bila ngoma, kwa kuwa hawezi kurudishwa porini.

Kuhusu mazishi nitasema mambo mawili tu.

La kwanza ni Fundi Chilumba. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Watu walikuwa wanamsubiri aingie na vichekesho, aigize mwendo wa marehemu, alale kaburini na kudai apewe kitu ndipo atoke, maana hapo ndipo wafiwa hupata pumzi. Alikuja akaketi chini ya ukuta, mikono magotini. Mjomba Salumu alimwendea akamwambia, "Mtani, tuanzie." Akatikisa kichwa. Wazee walipoliona hilo walijua kuna jambo, na wakatazamana, kisha wakakutazama wewe.

La pili ni Salumu mwenyewe. Siku ya kuondoa matanga alisimama mbele ya ukoo akasema dada yake ameondoka kwa siku yake, na hakuna wa kuulizwa. Ilikuwa hisani kubwa. Yeye ndiye mjomba wako, na kwa desturi ya upande ule angeweza kusema neno jingine lililo zito, na asingekuwepo wa kumpinga. Nilimshukuru kwa machozi. Lakini hakuna wa kuulizwa maana yake pia hakuna wa kujibu, na wewe ulikuwa unataka sana kujibu. Nilikuona ukifungua mdomo. Nilikushika mkono.

Nadhani lililokuumiza zaidi nililifanya mimi, na unalijua, kwa kuwa redio ilikuwa wazi. Mwandishi mwenzangu, kijana niliyemfundisha mwenyewe, alinipigia kwa heshima zote, akanipa pole, kisha akaniuliza chanzo. Kila habari ya ajali ina nafasi ya chanzo, nusu ya sentensi, kwa kawaida mwendo kasi, uzembe au ubovu wa chombo. Nimeijaza nafasi hiyo miaka mingi bila kufikiri mara mbili. Nikamwambia, "Andika ubovu wa gari." Jioni ikasomwa. Ulikuwa umekaa mlangoni unamenya muhogo. Ukaweka kisu chini, ukatoka, na tangu siku hiyo hujaigusa mashine ya kuchomelea. Kwa watu wa Mtwara lilikuwa tangazo la kawaida. Kwako lilikuwa jina lako.

Basi chanzo, kwa kirefu, ni hiki, kwa kadiri nilivyoweza kukifuatilia. Mshono wako ulifunguka kwanza. Hilo ni kweli, na mtu akikuambia si kweli anakuonea huruma, usimchukie, ila usimsikilize. Haukuwa mshono mbaya. Mwezi uliopita nilikwenda Mikindani nikamuuliza Fundi swali nililopaswa kumuuliza Ijumaa ile. Akasema upande mmoja moto wako haukuzama vya kutosha, ni kosa la mtu anayejifunza, na yeye alilisikia kwenye nyundo kama shaka ndogo ambayo kile chuma cha kufunika kingeimaliza. Nikamuuliza kama mshono wake mwenyewe, bila kifuniko, ungebeba mzigo ule mpaka mtoni. Akasema hapana. Ungefika mbele kidogo.

Mbele kidogo. Nimelifikiria neno hilo sana. Kwa hiyo palikuwa na mshono wenye shaka, chuma ambacho hakikuwekwa, baba aliyesema tukirudi, utani uliosikika kama utani, ndugu ambao hawashushwi, na dereva aliyeambiwa mara mbili. Nimejaribu kuvigawa, kila kimoja kipewe fungu lake, kama ambavyo tungetaka mahakama ifanye. Havigawanyiki. Kila kimoja kina mama yako mzima ndani yake. Nilitarajia ningekuandikia kwamba fungu lako ni dogo. Sijaweza. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kila mmoja wetu amebeba lake zima, na kwamba kati ya tuliokuwa garini, wewe peke yako ndiye uliyejaribu kulitua kabla halijatokea.

Kuhusu chuo, nilimuuliza Fundi pia. Amewaona watu wa aina mbili, akasema. Kuna aliyeona kazi yake imeua, akawa kila akiwasha moto mkono unamcheza, akaacha, na alifanya vizuri kuacha. Kuna mwingine ambaye tangu hapo hamalizi kazi mpaka awachoshe watu wote. Hajui wewe ni yupi. Mimi nimekulea na sijui. Upishi ni kazi ya heshima, na ukienda huko nitakula ulichopika. Naomba jambo moja tu: ukiacha, niambie, "Baba nimeacha." Usiniambie chuo kimekubadilishia. Nyumba hii imekwishasema vya kutosha vya namna hiyo.

Na kama utawasha moto tena, basi itakuja siku, sijui wapi, kazi haijakwisha na watu wamevaa wamependeza, wanataka kuondoka. Atakuwapo mtu mkubwa wa kusema tukirudi utamalizia. Atakuwapo wa kukuchekesha. Siku hiyo usieleze, wewe si mwepesi wa kueleza. Chukua ufunguo wa gari, utie mfukoni, uondoke kwa miguu, hata mtu huyo akiwa mimi.

Nakuandikia hili nikijua gharama yake. Ungefanya hivyo Jumamosi ile, ningekufuata barabarani nikakupiga kofi mbele ya shangazi zako. Salumu angekasirika kwamba dada yake amekosa kumtoa mtoto. Mama yako angenuna wiki nzima, na wiki ya pili angesimulia kwa majirani jinsi mwanawe alivyomwaibisha, na mwaka huu bado angekuwa anasimulia, kila tukienda sokoni, amekaa mbele. Tungekulaumu sote, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua kwa nini anapaswa kukushukuru.

Baba yako,
anayekusindikiza stendi kesho, na hatasema mengi.